Daftari Kando ya Meza ya Kamari

Leo sizungumzii wacheza kamari. Nazungumzia jamaa zao wa karibu, wale wanaokaa kando ya meza au mashine wakiwa na daftari na kalamu, wakiandika kila kinachotoka, kwa imani kwamba wakishaandika vya kutosha siri itajitokeza yenyewe. Watu hao wana historia ndefu, na ndani yake umo ukurasa mmoja unaotuhusu sisi waandishi wa habari. Si ukurasa wa kujivunia.

Aliyepata jina mapema ni Joseph Jagger, Mwingereza kutoka Yorkshire, mtu wa viwanda vya nguo. Aliyezoea mitambo anajua kwamba hakuna gurudumu lisilo na kasoro. Jagger alikwenda kwenye kasino ya Monte Carlo mwaka 1881, na inasimuliwa kuwa aliajiri makarani wa kuandika namba zilizotoka kwenye magurudumu ya ruleti. Gurudumu lile lina namba 37. Likiwa sawasawa, kila namba itoke kama mara moja katika kila mizunguko 37. Madaftari yakaonyesha gurudumu moja linalopendelea namba chache. Akaweka fedha zake huko, akaondoka tajiri. Mwaka 1947 wanafunzi wawili wa Chicago, Albert Hibbs na Roy Walford, walifanya hayo hayo Reno, Marekani, na faida yao wakanunulia mashua.

Lakini ukurasa niliousema ni wa Karl Pearson, profesa wa London, mmoja wa waasisi wa elimu ya takwimu. Yeye hakuajiri karani. Gazeti la Le Monaco lilikuwa likichapa matokeo ya ruleti za Monte Carlo, naye akayachukua hayo hayo ya gazetini.

Alipohesabu nyekundu na nyeusi hakukuta tatizo kubwa. Kisha akaangalia mifululizo: rangi moja hutoka mara ngapi mfululizo kabla ya kubadilika? Kwa bahati tupu, nusu ya mifululizo huwa na urefu wa moja, yaani rangi hutoka mara moja na mara inayofuata imekwisha kubadilika. Katika mifululizo 4,274, ilitakiwa 2,137 iwe ya namna hiyo. Pearson alikuta 2,462. Ya urefu wa mbili ilitakiwa iwe 1,068, akakuta 945. Ya tatu ilitakiwa iwe 534, akakuta 333. Tofauti kubwa namna hiyo haiji kwa bahati. Mwaka 1894 akatangaza kwamba ruleti ya Monte Carlo haifuati kanuni za bahati, na akapendekeza kasino zifungwe na mali zake zipewe wanasayansi.

Baadaye ikasimuliwa kwamba gurudumu halikuwa na hatia. Waandishi waliotumwa kunakili namba waliona ni raha zaidi kukaa baa ya kasino na kuzitunga.

Mimi hadithi hiyo naiamini, kwa sababu takwimu zenyewe zinanong'ona hivyo. Mwambie mwanao aandike matokeo mia moja ya sarafu ya kubuni. Ataruka huku na huku, kichwa, nyuma, kichwa, nyuma, kwa sababu binadamu huona kurudiarudia si bahati. Sarafu ya kweli haina haya hiyo. Mzee Pearson alitega mtego wa kunasa gurudumu, nadhani akanasa wenzetu wenye glasi mkononi.

Sasa tuje kwenye mashine, zile ambazo vijana wetu huziita madubwi. Charles Fey wa San Francisco ndiye aliyeunda ile iliyopata sifa mwishoni mwa karne ya 19, Liberty Bell, yenye magurudumu matatu, kila moja na vituo 10. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Mtu mwenye daftari aliweza kuyahesabu hayo kwa macho.

Hesabu hiyo iliharibiwa na Inge Telnaes, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1984. Alifanya kompyuta ndiyo ichague matokeo kwa namba za bahati, na magurudumu yabaki kama pazia la mchezo wa kuigiza. Tuchukue mfano. Gurudumu unaloliona lina vituo 22. Matatu yanatoa michanganyiko 10,648. Ndani ya kompyuta, gurudumu hilo hilo lina vituo 64. Matatu yanatoa 262,144. Picha ya zawadi kuu yaweza kupewa kituo kimoja tu kati ya hivyo 64, na nafasi tupu zilizo juu na chini yake zikapewa vingi. Ndiyo maana mchezaji huona zawadi imempita kidogo tu, mara kwa mara, akasema leo nilikaribia. Hakukaribia.

Mtaani kwangu yupo kijana fundi redio mwenye kaunta buku iliyojaa matokeo ya mashine moja ya hapo jirani. Mwandiko safi, tarehe zote zipo, na simwoni akibuni kitu. Nikamfanyia hesabu. Kwa mizunguko 600 kwa saa, saa nane kila siku, atahitaji siku kama 55 kufikisha mizunguko 262,144. Na akifika huko, bado ipo nafasi ya asilimia 37 hivi kwamba ile zawadi kuu hajaiona hata mara moja. Na kila siku ya kuandika anailipia, maana mashine haizunguki bure.

Akaniuliza, je, wakiungana watu kumi, kila mmoja na mashine yake ya aina ile ile, wakachanganya madaftari? Swali zuri. Jibu lake liko Kanada. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo walieleza hati za watengenezaji walizozipata kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, hati zinazoonyesha kila kituo cha ndani na uzito wake. Kutokana na hati hizo ilidhihirika kwamba mashine mbili zenye jina moja, picha zile zile na muziki ule ule, zaweza kupangiwa malipo tofauti, na aliyesimama mbele yake hana alama yoyote ya kumwonyesha ni ipi.