Kuosha Mafuta ya Injini kati ya Kitale, Bungoma na Myanga

Kazi ya kuosha mafuta yaliyomwagika kwenye injini na chini ya gari iliingia magharibi mwa Kenya pamoja na mashine zenyewe, na kwa sehemu kubwa ilitanguliwa na garimoshi. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926. Katika muongo huohuo njia kuu iliyotoka Nakuru na Eldoret ilipitishwa Bungoma na Myanga kuelekea Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Injini ya mvuke hutiwa mafuta ya kulainisha karibu kila kiungo, na mengi kati yake huchuruzika na kushika vumbi. Kwa hiyo katika mabanda ya reli kufuta injini kulikuwa cheo kamili, tena cha chini kabisa: kijana alianza na mafuta taa na mafungu ya nyuzi za pamba, ndipo apandishwe kuchochea moto. Waafrika wengi waliishia hapo. Kiti cha dereva kilibaki mikononi mwa Wazungu na Wahindi hadi ukoloni ulipokaribia kwisha.

Ujuzi huo ulifaa pia kwa matrekta na malori ya mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, kuzunguka Kitale. Huko kazi ilimwangukia taniboi, yule msaidizi wa dereva anayepakia, anayeshusha na anayelala chini ya lori likiharibika. Adui wake hakuwa mafuta peke yake. Barabara za murram hutoa vumbi jekundu ambalo likikutana na oili hufanya utando mgumu kwenye sampu, gia boksi na chasi. Utando huo huzuia joto kutoka, huficha boliti na huweza kushika moto karibu na paipu ya moshi.

Hatua za kuuondoa hazijabadilika sana tangu wakati huo. Injini huachwa ipoe, utando hukwanguliwa kwa kipande cha bati, mafuta taa hupakwa kwa brashi na kuachwa yapenye, kisha hufuata maji ya sabuni na ya kusuuza. Mafuta taa huyeyusha oili, lakini maji peke yake hayawezi kuubeba mchanganyiko huo. Sabuni ndiyo inayouwezesha kuondoka na maji. Petroli hufanya kazi upesi zaidi, ila mvuke wake huwaka kwa cheche moja ya betri. Mafuta taa yalipendwa kwa sababu nyepesi tu: yalikuwa katika kila duka, kwa ajili ya taa na jiko. Ubaya wake ni kwamba yakiachwa hulainisha na kuvimbisha mpira wa mabomba na wa vishikio vya injini.

Fundi mzuri haoshi injini ili ing'ae. Anaosha ili aone. Injini iliyolowa oili kote haisemi inavujia wapi, kwa kuwa oili huteremka na kurushwa nyuma na upepo wa safari. Ikishaoshwa na kukaushwa, huwashwa na kuachwa ingurume, kisha fundi hutafuta unyevu mpya kuanzia juu: gasketi ya kifuniko cha vali, kichungio cha oili, sili za krankishafti, na mwisho nati ya sampu. Gari lililooshwa bila kuzibwa uvujaji hurudi katika hali ileile. Muuzaji anayeosha injini asubuhi ya siku ya kuuza gari anautegemea usafi huo kwa sababu nyingine.

Magari yaliongezeka kwa awamu. Baada ya uhuru zilikuja Peugeot za abiria. Bomba la mafuta lilipofikishwa Eldoret mwaka 1994, malori ya kubeba mafuta ya kwenda Uganda yalianza kupakia huko na kushuka kwa wingi kupitia Webuye na Bungoma hadi mpakani Malaba. Miaka hiyohiyo soko lilifunguliwa kwa magari yaliyotumika Japani, mengi yakiwa na sili zilizokauka kwa umri. Pikipiki za bodaboda zilifuata kwa kasi baada ya 2008. Penye daraja au kivuko chenye njia ya gari, vijana walisimama na ndoo, na mito ikawa mahali pa kuoshea: Nzoia upande wa Kitale na Webuye, Sio na Malakisi upande wa Bungoma. Nzoia na Sio huishia Ziwa Victoria, na maji ya Malakisi huelekea Ziwa Kyoga.

Sheria ya mazingira ya 1999 ilizaa mamlaka ya mazingira, NEMA, na kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kiwango cha mafuta na grisi katika majitaka yanayoachiliwa kwenye mazingira kuwa sifuri. Kwa maandishi, hakuna kiwango kikali kuliko hicho.

Mashine ya presha, ambayo Kärcher ya Ujerumani iliileta Ulaya ikiwa ya maji moto mwaka 1950, imeihamisha kazi kutoka mtoni hadi kando ya barabara. Imeleta pia hasara yake: hupenyeza maji kwenye altaneta na nyaya za magari yenye kompyuta. Mifuko ya plastiki iliyokuwa ikifunika sehemu hizo ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mwaka uliofuata ushuru wa shilingi 18 kwa lita, uliolenga wanaochanganya mafuta taa na dizeli, uliongezwa kwenye mafuta taa, na mafundi wengi wakahamia dizeli.

Palipo na sakafu ya saruji, mafuta hunyonywa kwanza kwa unga wa mbao, na maji hupitishwa kwenye shimo lenye ukuta wa kugawa. Oili huelea upande mmoja, maji hutokea chini ya ukuta. Oili huchotwa na kutiwa kwenye pipa pamoja na oili chafu ya gereji, ambayo wakulima hununua kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa, ingawa huko nako huingia udongoni polepole.