Kiingilio Senti 25

Wazo lilikuwa la Wafaransa: miaka ya 1890, mjini Nice, Alexandre Lion alikuwa akitoza watu kiingilio waone watoto njiti ndani ya inkubeta zake. Martin Couney akaufanya mtindo huo biashara ya maisha. Tangu 1903 alikuwa na banda lake Coney Island, New York, jirani na mabembea na wauza soseji. Mtazamaji alilipa senti 25. Mzazi hakudaiwa chochote. Fedha za mlangoni ndizo zilizolipa wauguzi na wanawake wa kunyonyesha.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya njiti, kwa hiyo namtazama zaidi Louise Recht, muuguzi wake mkuu. Ili umati uelewe udogo wa mtoto, alivua pete yake ya almasi, akaipitisha kwenye kiganja cha kichanga mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mchezo wa jukwaani, ndiyo, nami nisingeruhusu wodini kwangu. Lakini nauliza: hospitali zilikuwa wapi? Nyingi za Marekani wakati ule hazikuwa na pa kuwaweka, na baadhi ya madaktari walimpelekea Couney wagonjwa wao kimyakimya. Couney mwenyewe alijiita daktari; vyeti vyake, lo, havijaonekana hadi leo! Bintiye Hildegarde, aliyezaliwa njiti mwaka 1907, alikuja kuwa muuguzi palepale bandani.

Hospitali ya Cornell ilipopata kituo cha njiti, Couney alifunga banda, mwaka 1943. Alifariki 1950, hana fedha.