Sakwe sakwe! Vile watoto walivutwa kusoma hapa Rwanda

Ukishuka basi ya Rubavu kwenye gare ya Nyabugogo, macho yanakutana na majina ya safari: Huye, Musanze, Rusizi, Kampala. Wadogo wetu wanayasoma yote bila shida. Lakini uwape kitabu cha darasani, eti wamechoka. Mmoja wao alirudishwa madarasa mawili nyuma, na si kwa kukosa akili. Kule Kivu alisoma kwa Kifaransa, huku akakuta Kiingereza. Toka siku ile hakutaka tena kufungua kitabu.

Ndiyo maana tuliuliza: zamani, watoto wa huku walivutwa kusoma namna gani?

Jibu la kwanza liko kwenye barabara ileile tuliyopita tukikimbia. Ukitoka Goma na Rubavu kuja Kigali unapita Nyundo. Huko alikuwa Askofu Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika makoloni ya Ubelgiji, mwaka 1952. Katika miaka hiyo ya 1950 alianzisha gazeti la watoto kwa Kinyarwanda, akaliita Hobe. Ni neno la kumkaribisha mtu kwa kumkumbatia. Baadaye alikusanya pia methali na vitendawili vya wazee, akavitoa katika vitabu.

Jibu la pili lilizaliwa hapa Kigali. Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Éditions Bakame ili kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Bakame ni yule sungura mjanja wa hadithi. Mwaka 2008 kazi yao ilipata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi ya kuhamasisha usomaji. Mwaka huohuo serikali iliamua masomo yahame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza.

Tunaona nini hapo? Askofu na mama huyu walianza na kile mtoto anacho tayari sikioni. Mtoto akimkuta Bakame kwenye karatasi, hakutani na mgeni. Anataka kujua kama kitabu kinasema sawa na bibi yake.

Sisi nasi tuko na vyetu, na tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda. Kwa hiyo kila Jumamosi, kila mtoto anamwomba mama au bibi yake kitendawili kimoja, anakiandika mwenyewe, halafu mwenzake anakisoma kwa sauti na wengine wanajibu. Tukimaliza tunakiandika tena kwa Kiingereza, polepole.

Yule mdogo wetu alileta kile cha nyumba isiyo na mlango. Kila mtu alijua ni yai, lakini alisimama akakisoma mpaka mwisho. Kiingereza bado kinamtesa, hatuwadanganyi. Ila Jumamosi iliyofuata alikuja na vitatu.

Na mnajua, Wanyarwanda wakitega kitendawili wanasema "Sakwe sakwe!" Wanaosikiliza wanajibu "Soma!" Kumbe lilikuwa neno letu pia.

Ndugu zetu, waulizeni wazee nyumbani leo jioni, kabla hawajasahau. Andikeni, mje navyo Jumamosi. Daftari na kalamu tutagawana.