Pwani Inayosahau Vimbunga Vyake

Meli iliyopiga mzinga wa mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilikuja kukutwa na kimbunga Unguja. Iliundwa Glasgow mwaka 1863 kwa jina la Sea King, ikanunuliwa kwa siri na majimbo ya Kusini, ikapewa jina jipya la Shenandoah na kutumwa kuzunguka dunia ikichoma meli za Kaskazini. Ilizifuata meli za wavua nyangumi hadi kwenye barafu ya bahari ya Bering, na iliendelea kuzichoma wakati vita vyenyewe vimekwisha, kwa sababu habari hazikuwa zimemfikia nahodha. Novemba 1865 ikajisalimisha Liverpool. Mwaka uliofuata Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, akainunua na kuiita El Majidi.

Tarehe 15 Aprili 1872 El Majidi ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja pamoja na meli nyingine za serikali. Majid alikuwa ameshafariki, na mdogo wake, Sayyid Barghash, alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu kitini. Siku hiyo kimbunga kiliipiga bandari, na kilipopita, jeshi la majini la Sultani halikuwepo tena: meli zimetupwa ufukweni, nyingine zimepasuka. Meli iliyovuka bahari zote bila kushindwa na dhoruba ikashindwa mbele ya nyumba ya mwenyewe.

Kwa mabaharia, tarehe ile ilikuwa mbaya kuliko nyingine yoyote ya mwaka. Majahazi ya Arabia na Hindi yalikuja na kaskazi kuanzia Desemba, yakashusha tende, chumvi, papa mkavu, nguo na mazulia, kisha yakasubiri upepo ugeuke yarudi kwao na kusi. Mwezi wa Aprili ndio wa tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijashika. Bandari ilikuwa imejaa, mizigo imeshapakiwa, manahodha wakikamilisha hesabu zao na matajiri. Ndipo upepo ulipowakuta, na majahazi yakagongana na kuvunjana yenyewe kwa yenyewe. Ukichukulia kwamba mfanyabiashara wa wakati ule aliweka karibu mali yake yote katika shehena ya msimu mmoja, utaona kwamba wengi walifilisika siku hiyo bila kuondoka nyumbani.

Habari ilichukua muda kutoka nje ya kisiwa. Waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar Desemba 1879, miaka saba baadaye. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka bara baada ya kumpata Livingstone, alifika Bagamoyo na kuvuka kwenda Unguja mwanzoni mwa Mei, akaukuta mji ukiwa bado magofu. Bagamoyo nayo ilikuwa imepigwa, na misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa na miaka minne tu tangu kufunguliwa, ilibidi ijengwe upya.

Lakini hasara ya bandarini ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ya mashamba.

Mikarafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na inasimuliwa kwamba Sayyid Said, baba yao Majid na Barghash, aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kufikia 1872 ile iliyopandwa katika wimbi la kwanza ilikuwa miti mikubwa ya miaka thelathini au arobaini. Kimbunga kiliilaza. Makadirio yanatofautiana, ila hata yaliyo madogo yanasema theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliangushwa, na yapo yanayosema ilibaki michache sana ya kuhesabika. Minazi nayo ilikatika kwa maelfu. Mkarafuu hauanzi kuzaa mpaka ufikishe miaka sita au zaidi, na kuzaa kwake kwa wingi kunachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mwenye shamba aliyeamka tarehe 16 Aprili alikuwa na ardhi, madeni kwa tajiri wa Kihindi aliyemkopesha, na miaka ya kusubiri.

Upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 50 kwa bahari, Pemba haikuguswa sana. Kimbunga hicho kilikuwa na duara dogo. Na hapa ndipo historia ya visiwa hivi viwili ilipogeuka. Kabla ya hapo Pemba ilijulikana zaidi kwa chakula: mpunga wake ulilisha Mombasa, na ndiyo sababu koo za Mazrui na Busaidi ziliigombania. Karafuu ilikuwepo, lakini Unguja ndiyo iliyokuwa mama. Miaka ya 1860 karafuu ilizidi sokoni hadi bei ikaanguka, na wengi waliona si zao la kutajirisha mtu tena. Baada ya kimbunga, bei ikapanda ghafla, na mwenye mikarafuu iliyosimama alikuwa Pemba. Watu wakanunua mashamba huko, wakahamia, wakapanda milima yote. Mpunga ukapewa kisogo. Tangu siku hizo hadi leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka Pemba, na watoto wa shule hufundishwa jambo hilo kama habari ya udongo na mvua. Udongo wa Pemba ni mzuri, hakuna ubishi. Ila ulikuwa mzuri hata 1860 na haukuwa na mikarafuu hiyo.

Mashamba mapya yalihitaji mikono, na mikono ya wakati ule ilikuwa ya watumwa. Hili ndilo jambo ambalo wasimulizi wa kimbunga hupenda kuliruka. Januari 1873 Sir Bartle Frere aliwasili kutoka London kumtaka Barghash apige marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Sultani alijitetea kwamba nchi yake imetoka kuangamizwa na upepo, mashamba yameanguka, na kuyaondolea wafanyakazi sasa ni kuyaua mara ya pili. Hakusikilizwa. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa karibu, na zake mwenyewe zilikuwa mbao za kuokota ufukweni. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana palepale. Sidhani kimbunga ndicho kilichomshinda Barghash. Uingereza ingempata tu. Lakini mtawala asiye na meli wala mazao ya kuuza hana muda mrefu wa kuvuta maneno. Biashara yenyewe haikufa kwa saini: misafara iliendelea kupita nchi kavu kuelekea Pangani na kaskazini, na majahazi yakivusha watu kwa magendo usiku kwenda Pemba, kwenye mikarafuu ileile iliyonusurika.

Barghash aliagiza meli nyingine. Iliyotajwa zaidi ni Glasgow, iliyofika 1878 ikiwa imeundwa Scotland kwa mfano wa manowari ya Waingereza iliyomvutia. Nayo ilizamishwa bandarini tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vifupi vya Waingereza na Zanzibar, na milingoti yake ilichomoza majini hadi 1912.

Kwa nini jambo kama hili halitokei mara kwa mara? Kimbunga cha kitropiki kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi, na kinahitaji pia msokoto unaotokana na dunia kujizungusha. Msokoto huo hauna nguvu karibu na ikweta, na Unguja ipo nyuzi sita tu kusini yake. Juu ya hayo kuna Madagascar, inayopokea sehemu kubwa ya vimbunga vinavyotoka mashariki kabla havijafika kwetu, na vinavyopenya upande wa chini huishia Msumbiji. Vilivyobaki huwa vinahitaji njia nyembamba, kaskazini ya Madagascar na kusini ya ikweta, ndipo vifike Mafia, Lindi au Mtwara. Njia hiyo hupatikana mara chache. Ila ipo.

Ilipatikana tena mwaka 1952, na kwa sadfa ambayo mtunzi wa hadithi angeona haya kuiandika, ilikuwa tarehe ileile: 15 Aprili, miaka 80 kamili. Safari hii kilifuata mji wa Lindi, mlangoni mwa mto Lukuledi, kikauvunja vibaya. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwepo tayari, na makao yake Nairobi, lakini setilaiti ya kwanza ya kuangalia mawingu ilirushwa Aprili 1960. Bahari ya wakati ule ilijulikana kwa habari za meli zilizokuwa humo, na baharini kusini-mashariki hapakuwa na meli nyingi.

Lindi ilikuwa imeshachoka. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliotarajia kuifanya Nachingwea shamba kubwa na Mkwaya, jirani ya Lindi, bandari yake ya kwanza, ulikuwa umevunjwa mwaka uliotangulia. Bandari yenye kina ilijengwa Mtwara na kufunguliwa 1954, na makao ya jimbo yakahamia huko. Si haki kukibebesha kimbunga lawama ya uamuzi wa watu wa ofisini, ingawa inasaidia kueleza kwa nini mji ulioangushwa haukuwa na mtu wa kuuinua haraka. Pemba ilimpata mnunuzi wa karafuu. Lindi haikumpata mtu wa namna hiyo.

Baada ya hapo pwani ikatulia kwa zaidi ya miaka sitini, na vizazi vikakua vikiamini kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagascar. Aprili 2019, mwezi mmoja baada ya kimbunga Idai kuufunika mji wa Beira, kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikielekea mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Mtwara na Lindi walitangaziwa tahadhari, shule zikafungwa, watu wakaambiwa wahame kando ya bahari. Kenneth kikashuka Cabo Delgado tarehe 25, upande wa pili wa mto Ruvuma, kikaharibu huko. Mtwara wakarudi nyumbani, wengine wakicheka. Aprili 2021 kikatangazwa Jobo, watu wa Dar es Salaam wakajifungia ndani, kikafika kimekwisha nguvu. Utani ukawa mwingi zaidi mitandaoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mara mbili, na mara zote mbili ikaonekana kama imetisha watu bure. Ugumu wa kumwonya mtu juu ya jambo ambalo hata babu yake hakuliona ndio huo.

Kimbunga Hidaya hakikuwa utani. Kiliifikia Mafia tarehe 4 Mei 2024, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na usiku ule kikapungua nguvu kiasi kwamba ilitangazwa hakipo tena. Upepo wake uling'oa mapaa. Maji ndiyo yaliyofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu mvua yake ilinyesha juu ya ardhi iliyoshiba. Mvua za El Niño zilikuwa zikinyesha tangu mwishoni mwa 2023, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kuwa watu 155 wamekufa kwa mafuriko, upepo na maporomoko, na zaidi ya 200,000 wameathirika.

Miongoni mwao walikuwa watu wa Rufiji na Kibiti, na huko hadithi inarudi nyuma sana. Mrufiji hakuchukulia mafuriko kuwa adui. Mto ulipojaa ulimwekea tope, na ulipopungua alilima mlau, kilimo cha unyevu uliobaki. Shambani alijenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akilinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, na maji yakija yakapita chini yake. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vilimani kaskazini ya mto. Nyumba zikahama, mashamba yakabaki, kwa hiyo watu wakawa wanashuka na kupanda. Mwaka 2024 maji yalipofunika mashamba na vitongoji, wapo waliolitupia lawama bwawa jipya la Mwalimu Nyerere lililokuwa likiachia maji, na serikali ikajibu kwamba bila bwawa mto ungefurika zaidi. Mabishano hayo yalikuwa ya haki kwa pande zote mbili, maana bonde halijapata tena utaratibu wa kujua maji yatakuja lini, na dungu haliokoi kijiji cha nyumba za matofali.

Kusini zaidi, mvua za Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika wilaya ya Kilwa, Somanga na Mikereng'ende. Makalvati yaling'oka, tuta likaenda na maji, na mabasi ya Mtwara yakalala njiani kwa siku kadhaa huku wahandisi wakimwaga mawe. Barabara hiyo ndiyo pekee ya pwani. Mwenye haraka angezunguka kwa Songea, safari ya nchi nzima.

Tahadhari ya Hidaya ilimfikia mvuvi wa Kilwa kwa simu siku kadhaa kabla, jambo ambalo nahodha wa 1872 asingeliamini, na mashua nyingi zilivutwa juu kwa wakati. Kalvati halisomi ujumbe. Aprili 2025, bila kimbunga chochote baharini, mvua ya masika iliikata barabara ileile Somanga kwa mara nyingine.