Msitu wa Kakamega: ulinzi wa miti asilia

Msitu wa Kakamega ni msitu wa mvua magharibi mwa Kenya, katika eneo la Waisukha, Waidakho, Watiriki na Wakabras, ukipakana upande wa mashariki na nchi ya Wanandi. Ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya misitu iliyowahi kutanda kutoka bonde la Kongo kupitia Uganda. Ndiyo maana unakaliwa na ndege kama shorobo mkubwa wa buluu, na nyoka na vipepeo ambao Mkenya ni nadra kuwaona kwingineko nchini. Eneo lililotengwa kisheria ni takriban kilomita za mraba 240, lakini miti asilia imebaki kwenye chini ya nusu ya hapo. Kwingine ni misonobari, mikaratusi, mashamba ya chai na nyasi.

Msitu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933. Tangazo hilo halikuwa la kuokoa miti. Lilikuja wakati dhahabu imepatikana Kakamega na wachimbaji walihitaji magogo ya kuegemeza mashimo, na chini ya Idara ya Misitu ukataji uliendelea kwa vibali kwa miongo kadhaa. Viwanda vya mbao vilifuata miti mikubwa na minyoofu, hasa tiki ya Elgon, na vikishamaliza mahali, wapasuaji wa mikono waliingia na misumeno ya watu wawili. Shimo la kupasulia mbao ni rahisi kulitambua hata leo: handaki refu lenye kina cha mtu, limeota vichaka, na kando yake kisiki kinachooza.

Ulinzi halisi ulianza vipande vipande. Mwaka 1967 sehemu za Yala na Isecheno zilitengwa kuwa hifadhi za asili ndani ya msitu. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na kipande cha Kisere, ukafanywa Hifadhi ya Taifa, ambayo leo iko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Upande wa kusini ulibaki kwa wasimamizi wa misitu, sasa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Hivyo msitu mmoja una sheria mbili. Isecheno mwananchi hulipa ada akaokota kuni kavu, akachunga ng'ombe, akakata nyasi za kuezekea. Buyangu haruhusiwi kutoka na kitu. Tafiti zimekuta dalili chache za ukataji upande wa KWS. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba watu wa kusini ni waharibifu zaidi: ruhusa ya kuingia kwa kuni humpa mwenye panga kisingizio kizuri.

Kuanzia 1986 ukanda wa chai wa Nyayo ulipandwa pembezoni mwa msitu ili kuzuia mashamba yasisogee. Ulizuia uvamizi mahali pengi, ingawa wenyewe ulikula sehemu ya msitu.

Siku hizi mwizi wa msituni ni mtu mmoja mmoja: mchoma makaa, mkata fito, mchuna magome. Mwiritsa, ambao gome lake ni dawa ya tezi dume, hufa likichunwa pande zote za shina. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mizizi ya mukombero, inayotafunwa kama peremende na kuuzwa kwa mafungu masokoni, nayo huchimbwa humo.

Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, ziliwapa wakazi nafasi ya kusimamia msitu pamoja na KFS kupitia vyama vyao. Cha Kakamega kinaitwa Muileshi. Kundi la wakulima la Muliru lilichagua njia nyingine: wanachama hupanda mrehani wenye harufu ya kafuri mashambani, huukamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Lilitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2010.

Marufuku ya ukataji ya Februari 2018 ilitangazwa na Naibu Rais William Ruto, na yeye huyo huyo, akiwa Rais, ndiye aliyeiondoa Julai 2023. Mjadala uliozuka na kufika mahakamani ulihusu zaidi misonobari na mikaratusi iliyokomaa. Miti asilia ya Kakamega haikufunguliwa, na tangu 2010 msitu wenyewe uko kwenye orodha ya awali ya Kenya ya maeneo ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.