Mbwa Aliyebeba Tusi Letu

Ukiitwa shenzi mtaani, lazima mgombane. Sasa kuna mbwa wa bei anaitwa Basenji, na hilo jina ni ndugu kabisa wa neno letu washenzi. Limetoka Kongo kwa Kilingala: mbwa wa watu wa porini.

Hao watu wa porini ndio walimtunza. Ni mdogo, kilo 10 hivi, mkia umejikunja, na kubweka ni nadra. Kwa hivyo wawindaji walimfunga kengele shingoni, akiwafukuza wanyama hadi kwenye nyavu.

Mwaka wa 1937 alionyeshwa Crufts, London, akawa gumzo. Lakini waliopelekwa ng'ambo walikuwa wachache, wakazalishana wenyewe kwa wenyewe, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukasambaa. Miaka ya 1980 ikielekea kuisha, wafugaji wa Marekani wakarudi vijijini Kongo, enzi hizo Zaire, kutafuta damu mpya. Yaani kwa wale wale "washenzi".

Ukimfuga, mkimbize kila siku, la sivyo atamaliza viatu vyako. Si utundu, ni kazi ya mababu zake. Na ukimwita jina, kumbuka waliotukanwa ndio walimuokoa.