Mfalme, Kanisa na Shule ya Kilakala

Mwaka 1164 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alidai kwamba kasisi mwenye hatia asiepuke adhabu ya Dola kwa sababu ya kanzu yake. Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliafiki kwa kinywa, kisha akajutia ulimi wake. Tarehe 29 Desemba 1170 wapanda farasi wanne wa mfalme wakamwua ndani ya kanisa lake.

Chini ya milima ya Uluguru shauri la namna hiyo lilikwisha bila upanga. Huko Kilakala masista wa Maryknoll waliendesha shule ya wasichana, Marian College. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaipa Serikali uwezo wa kuzitwaa shule za misheni. Hawakugombea kuta hasa, bali haki ya kuchagua nani aingie darasani. Maana watoto wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma mno, na dai hilo la Serikali lilikuwa la haki.

Ajabu ni mtu mwenyewe. Becket alikuwa waziri wa mfalme, akahamia upande wa Kanisa. Nyerere alikuwa Mkatoliki, mwalimu wa Pugu hata mwaka 1955, naye ndiye aliyetwaa. Seminari aliliachia Kanisa. Damu haikumwagika, walakini isidhaniwe kwamba haikuwauma waliojenga. Jina la Maria likaachwa. Shule ikaitwa kwa jina la mahali, Kilakala.